Dawa ya Kuzuia

Mbagala, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na umeshaanza kwenda shamba, maana nakujua, kukaa huwezi. Mimi mwili mzima, moyo ndio mbovu. Naandika kwa sababu simu imenishinda: tukifika kwenye habari ya Hashimu, mtandao wako unakatika.

Mchumba ameniacha. Alinifuata hapa, akakaa kizingitini, hata chai hakunywa. Akasema, "Zuhura, mie sina neno na wewe, ila wazee wamekataa. Wamesikia unashinda na dawa za kuzuia, ushazijaribu, huwezi kuzaa." Nikacheka nikidhani ananitania.

Ni kweli neno hilo la kuzuia nilikuambia mimi, Mama. Uliponiuliza maabara tunafanya nini, nilikuwa na haraka, nikakujibu kwa mkato kwamba nafanya kazi na dawa ya kuzuia. Lakini jioni ile ile nilikupigia nikakufafanulia. Kwenye ini kuna vimeng'enya, ndivyo vinavyosagasaga dawa tunazomeza. Sisi tunaweka seli za ini kwenye kichupa, tunatia kemikali inayozuia kimeng'enya kimoja, halafu tunapima dawa tunayoichunguza imebaki kiasi gani. Nikakwambia ni kama kumshika mikono mlaji mmoja kwenye sinia, uone wali utabaki au utaisha. Ukacheka sana, ukasema mlaji huyo ni mjomba mtupu. Kwa hiyo ulinielewa.

Sasa mdogo wangu Somoe ananiambia mshenga alipokuja kuuliza kama kweli nafanya kazi na dawa za kuzuia, ulimjibu, "Ndivyo alivyoniambia." Basi. Ukamkaribisha uji. Ungeongeza neno "ini" tu, Mama, angeondoka na habari nyingine.

Nilikutetea moyoni. Nikasema labda uliona haya kuzungumza mambo ya kisomi mbele ya wageni, wasije wakasema unajidai. Jana ndipo nilipopokea mzigo wako wa korosho, na chini yake mizizi iliyofungwa kwenye kitambaa. Nikampigia Somoe. Nikambana, mwisho akasema ni ya kufungua kizazi, nichemshe ninywe asubuhi kabla ya kula.

Nimelia mpaka mpangaji mwenzangu akagonga mlango. Hashimu ni mtoto wa watu, simlaumu sana. Wewe umenizaa, nikakueleza, ukacheka, na bado ukaenda kunitafutia mizizi.

Korosho tumekula, ahsante. Mizizi nairudisha na huyu huyu anayekuletea barua. Naomba uende kwa mshenga mwenyewe, ukamwambie kwa kinywa chako kazi ninayofanya. Hashimu simtaki tena, asirudi. Nataka useme wewe.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenilea, na mjomba. Somoe usimgombeze, nilimlazimisha aseme.

Dawa ya kuzuia sijawahi kuimeza, Mama.

Mwanao,
Zuhura