Yaya, Simu Ilikuwa Nzima

Mpendwa dada yangu, yaya Masika,

Nakusalimu kutoka Bigo, hapa Bunia. Mama ni mzima, magoti tu ndiyo yanamsumbua wakati wa mvua. Mke wangu Neema anakusalimu. Binti yetu Masika mdogo naye anakusalimu, ingawa ana neno na wewe: siye Wanande tunampa binti wa kwanza jina hilo bila kuuliza mtu, lakini yeye anaamini kwamba wewe wa Kampala ndiye uliyemwibia jina lake. Jitayarishe kujitetea.

Naiandika barua hii wazi. Nimewaambia vijana wa orkestra waisome kabla haijavuka mpaka, kwa sababu mambo yaliyomo yanawahusu na wao. Lakini ni yako. Nimejaribu mara nyingi kukuambia kwenye simu, na kila mara nilipofungua kinywa nilisema kitu kingine.

Unaikumbuka mashine ya kusaga ya mjomba? Ulifanya kazi pale miaka mitatu, asubuhi mpaka saa nane, kisha unajipangusa unga kwenye nywele na kuja kwenye repetisyo, mazoezi yetu, kuimba. Mimi nilikuwa nakucheka kwamba umezeeka ghafla. Mjomba alikuwa amesimama kando ya ile mashine tangu ujana wake, na watu walimwona mkali kwa sababu alijibu kila kitu kwa kupaza sauti. Wewe ndiye uliyegundua kwamba hakuwa mkali. Uliniambia siku moja njiani, ukiwa na uchungu, kwamba mjomba alikuwa anatazama midomo ya wateja. Mama mmoja alimsalimia akiwa nyuma yake, hakugeuka, na yule mama akaenda zake amekasirika. Tangu siku hiyo ulianza kuziba masikio yako, kwanza kwa pamba, halafu ukasema pamba haizuii kitu, ukatafuta vile vizibo vya sponji vya rangi ya njano kwenye duka la dawa.

Na ulivivaa hata jukwaani! Jumapili mchana kwenye ukumbi wa Mbunya, watu wamejaa, bafle, zile spika kubwa, zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka karibu na dari, na wewe unaingia na mikro mkononi, kitambaa kizuri kichwani, na njano mbili zinachungulia masikioni. Watu walisema unajivuna, hutaki kuwasikia. Wewe uliimba tu. Hukuwahi kukosa sauti hata mara moja, na siye tuliokuwa na masikio wazi ndio tulikuwa tunapotea.

Nakumbuka siku uliyonivalisha mimi. Ilikuwa harusi, kabla watu hawajaingia. Uliniketisha kwenye sanduku la gitaa. Ulikisokota kizibo kati ya vidole mpaka kikawa chembamba, ukapitisha mkono wako mwingine nyuma ya kichwa changu, ukalivuta sikio langu juu, ukakiingiza, ukakishikilia pale kwa kidole bila haraka. Nilikisikia kikivimba humo ndani. Sijui kama mtu mwingine amewahi kunishika sikio kwa upole namna hiyo. Mama alilishika pia, lakini kwa sababu nyingine, unazijua.

Tulipoanza kupiga, nilishangaa. Muziki haukupotea. Ulipungua tu, kama mtu aliyerudi hatua chache nyuma, na sauti yako niliisikia safi kuliko siku zote. Ningekuambia vile, jioni ile ile. Lakini Janvier aliniona kutoka kwenye ngoma zake, akaacha kupiga katikati ya wimbo.

"Muangalie huyu!" akawaambia wenzetu. "Njo nini hii? Unaogopa gitaa yako weye mwenyewe?"

Wote wakacheka. Nikavitoa, nikaviweka mfukoni. Wewe uliona. Ulingoja mpaka tumebeba vyombo vyote, ndipo ukanivuta kando.

"Kambale, meno yako ya utoto ilianguka, ikarudi," ulisema. "Sikio haina vile. Ikienda, imeenda."

"Nimesikia, yaya."

"Unasema tu vile."

Nilikuwa nasema tu vile.

Halafu ikaja safari ya Tchomia, kule ziwani. Barabara ilikuwa nzuri kipindi kile, tukaitwa kupiga kwenye sikukuu, siku mbili mfululizo. Mimi nilisimama palepale pangu, ubavuni mwa bafle ya kushoto, kwa sababu nilitaka kujisikia ninavyopiga. Asubuhi ya tatu, tukingoja gari, tulikaa wawili ufukweni, karibu na wanawake waliokuwa wakipanga samaki juu ya vichanja vya moshi. Ulikuwa umevua viatu. Ulifumba macho.

"Unasikia?" uliniuliza.

"Nini?"

"Maji. Inagonga chini ya mitumbwi kidogo kidogo. Sikiliza."

Yaya, nilisikiliza. Nilisikia mlio mwembamba kama wa nyenje, ambao ulikuwa umeanza jana yake na haukuwa wa ziwa. Maji sikuyasikia. Nikakuambia, "Ndiyo, nayasikia, ni mazuri." Ukatabasamu ukiwa bado umefumba macho. Huo ndio uongo wa kwanza, na niliusema bila kufikiri, kama mtu anayeitikia salamu.

Mlio ule ulikwisha baada ya siku mbili. Ukarudi tena, ukaisha tena. Kila baada ya muziki mkubwa ulikuja, na mimi nikauzoea kama mtu anavyozoea uchovu. Ukaolewa, ukaenda Kampala na shemeji. Siku ya kuondoka uliniachia vizibo vipya, ukasema nikikuaibisha utarudi kunivalisha mbele ya watu wote. Nilicheka. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimevipoteza vyote, na sikutafuta vingine.

Siku iliyonimaliza ilikuwa ya mashindano ya orkestra. Hukuwepo, na ulinipigia asubuhi kunitakia heri. Walikuwa wamekodi bafle ambazo sijawahi kuziona Bunia, kubwa kama kabati, na ukumbi ulikuwa mdogo. Tulipiga wa mwisho, kwa hiyo nilikuwa nimesimama karibu nazo tangu mchana, nikisikiliza wenzetu. Tulishika nafasi ya pili. Nilipotoka nje, Neema, ambaye wakati ule tulikuwa tumechumbiana tu, alikuwa ananipongeza, nikaona kinywa chake kikienda na sauti yake iko mbali, kama yuko chumba kingine. Niliitikia kwa kichwa. Nikajiambia kufikia Jumatatu hali ile itapita.

Jumatatu haikupita. Wala wiki ile. Upande wa kuume ulirudi, karibu wote. Upande wa kushoto ulibaki na nyenje wake peke yake, na mpaka leo ninavyoandika, yumo.

Sikumwambia mtu. Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi kanisani, watu wote wakiwa kuume kwangu. Nilijifunza kucheka wengine wanapocheka. Na simu zako, yaya. Unapiga Jumapili baada ya ibada, nyuma yako watoto wa jirani wanacheza, na wewe unaongea haraka kama ulivyozaliwa. Nikishika simu kushoto kwa kusahau, sisikii kitu. Nikiihamishia kuume, nimeshakosa nusu.

"Rezo iko mubaya, yaya," nilikuambia, nikiusingizia mtandao wa simu. "Rudilia."

Na wewe ulirudilia. Kila Jumapili ulirudilia, hukuchoka. Ukaanza kutoka nje ya nyumba ili unipigie, shemeji aliniambia baadaye, ukapanda mpaka kwenye kilima cha jirani yenu ukidhani ni kwenu ndiko rezo haifiki. Mvua ilikunyeshea huko mara moja.

Halafu ukaniletea simu.

Ilifika kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja wa vitenge, imefungwa kwenye kitambaa cha watoto, na kikaratasi: "Kambale, ile yako imekufa. Tumia hii, nataka kukusikia." Mama alikisoma kwa sauti mbele ya wote. Akaniombea palepale, akimshukuru Mungu kwa ajili yako. Mimi nilisimama na simu ile mpya mkononi na sikuweza kumtazama mtu usoni. Najua ulijinyima ili kuipata. Ile ya zamani ilikuwa nzima, yaya. Nilimpa Janvier, anaitumia mpaka sasa bila shida yoyote.

Hata hapo sikusema. Ninaona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Aliyenifungua kinywa ni Masika mdogo.

Alikuwa na miaka mitatu. Nilikuwa nimekaa nje nikibadilisha nyuzi za gitaa, naye akaja upande wa kushoto na maua ya viazi aliyoyachuma shambani kwa mama. Neema alikuwa dirishani, ndiye aliyeniambia yote. Mtoto aliita, "Papa." Akaita tena. Akaita mara nyingi, akizidi kusogea, na mimi kichwa chini kwenye nyuzi zangu. Mwishowe aliweka maua chini, akarudi ndani polepole, akamuuliza mama yake:

"Papa amenikasirikia?"

Neema alitoka nje akasimama mbele yangu. Hakupaza sauti.

"Utaniambia leo," alisema. "Haiko mimi mujinga. Unalala na sikio moja juu, mutoto analia, weye huamuki. Nilifikiri ni uvivu. Sasa najua haiko uvivu."

Nikamwambia. Tulilia wote wawili, na mtoto akaja kulia pia, bila kujua sababu.

Wiki chache baadaye kulikuwa na daktari wa masikio amepita Bunia, Neema akanipeleka kwa mkono kama mtoto. Walinivika kofia ya masikio na kuniambia niinue mkono kila nikisikia sauti. Upande wa kuume niliinua vizuri. Upande wa kushoto niliketi tu, nikitazama uso wa Neema, aliyekuwa anamwona daktari akibonyeza mashine, na kutoka kwenye uso wake nilijua kwamba sauti zilikuwa zinapita.

"Iliyoenda haitarudi," daktari aliniambia. Alikuwa mtu wa taratibu, alikuja kukaa kuume kwangu bila kuambiwa. "Lakini hii iko bado muzuri. Usisimame tena karibu na bafle. Vaa vizibo, kila mara. Katikati ya muziki toka inje, upumzishe masikio. Ukitoka na mulio, ujue umeshaumia."

Maneno yako, yaya, karibu yote. Nilikuwa nayo nyumbani miaka mingi kabla ya daktari.

Jioni ile nilimkalisha Masika mdogo mapajani, nikamwonyesha: hii imechoka, haiwezi tena kumsikia Masika wala mama; hii inafanya kazi. Alichungulia ndani ya ile iliyochoka kwa muda mrefu. Akauliza kama inauma. Nikasema hapana. Tangu siku hiyo, akinitaka, ananizunguka mwenyewe mpaka kuume. Kama nimelala upande mbaya, ananishika kidevu na kunigeuza. Hakasiriki. Anawafundisha na wageni.

Bado napiga. Najua ungeuliza hilo kwanza. Tumehamisha bafle, sasa zinatazama watu na siye tuko nyuma yake, na tumepunguza sauti hata wenye ukumbi wakinung'unika. Navaa vizibo kabla sijaunganisha gitaa. Vijana wawili wapya wanavaa, kwa sababu hawakunijua nilipokuwa mjinga. Janvier alikataa muda mrefu. Mwezi uliopita aliniomba jozi, faraghani, nyuma ya gari, akitazama huku na huku kama anaomba kitu kibaya. Alivivaa vibaya, vilining'inia nje kama karanga. Ikabidi nimketishe, nimsokotee, nimvute sikio lake kubwa lile juu. Aliniuliza kama yake pia imeenda. Nikamwambia akapimwe, mimi siyo daktari. Hajakwenda bado. Ukimpata kwenye simu, msukume, wewe anakuogopa.

Yaya, nisamehe. Nisamehe kwa kile kilima na ile mvua. Nisamehe kwa simu. Lakini zaidi nisamehe kwa miaka hii ambayo ulidhani unaongea na mimi, kumbe nusu ya maneno yako ilianguka njiani, na mimi nikaiacha ianguke kuliko kukubali kwamba ulisema kweli. Sijui ulinisimulia nini wakati ulipopoteza ile mimba. Nilisikia kwamba ulikuwa unalia. Nilisema "Mungu ni mwema" na kukata simu, na sikujua mpaka mama aliponieleza. Hili linaniuma kuliko sikio.

Mama anasema utakuja kwa ndoa ya mdogo wetu. Njoo mapema. Nataka uje tukae siku nzima bila muziki wowote, unisimulie yote niliyoyakosa, tangu Jumapili ya kwanza, hata yale madogo, hata bei za sokoni. Nitakaa vizuri, kushoto kwako, ili sikio langu zima liwe upande wako.

Na ukimaliza kusoma, nipigie. Nikinyamaza, usiongeze sauti. Nitakuwa nimekusikia, nitakuwa tu sijapata la kukujibu.

Mdogo wako anayekupenda,
Kambale