Kwa Baba Lindsay: Mstari Mweupe Bado Upo

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumapili ile ulipojilaza kusikiliza kriketi redioni, na Mama alipokuja na chai akakuta umeshakwenda. Hukuaga mtu. Mama anasema ni kawaida yako, hata kwenye sherehe ulikuwa ukitoroka bila kuaga.

Mji wetu wa Whyalla, Australia, bado unakuongelea. Miaka thelathini na moja ulisimama mbele ya matanuru ya chuma, na ulipostaafu ukafanya nini? Ukanunua moto mwingine, ukauweka nyuma ya nyumba. Kila Jumapili ulilisha mtaa mzima: soseji, mbavu za kondoo, vitunguu, mkate wa vipande. Yule jirani ambaye mbwa wake ulimlalamikia kila asubuhi alipewa sahani, na mbwa naye akapewa yake.

Jiko lile la gesi ulilipenda kuliko gari. Halikuwa na miali kama majiko ya watu. Lilikuwa na vigae vya udongo vyenye vitundu vidogo vidogo, na ukiliwasha vigae vinakuwa vyekundu vyote, joto linakupiga usoni. Ulilihudumia kama mtoto mchanga, na sisi tulikucheka. Leo tunakuomba msamaha kwa kicheko kile.

Shemeji yako Merv ndiye aliyekutia wazimu. Hapa kwetu kila mwanaume humwaga bia juu ya bati la moto likisha kutumika, mafuta yatoke. Basi mwaka ule wa kwanza Merv naye akamwaga, na bia ikapita kwenye wavu hadi kwenye vigae vyekundu. Kigae kimoja kikapasuka, paa! Mazoea yana taabu.

"We Merv! Una akili kweli wewe?" ulipiga kelele. "Udongo mwekundu na kitu baridi, wapi na wapi?"

"Shemeji, nilikuwa nakusaidia kusafisha."

"Nisaidie ukiwa mbali!"

Kesho yake ulichukua rangi nyeupe na brashi, ukachora mstari sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye jiko. Merv asiuvuke. Tulidhani utani utaisha baada ya wiki moja. Ulidumu miaka kumi. Kila Jumapili Merv alisimama nyuma ya mstari wake na chupa yake, akikutazama unavyofanya kazi na kukutania, na wewe ukimrushia soseji naye anaidaka.

Ulipoondoka, hakuna aliyelishika jiko hadi Krismasi. Mwanao Dale akajaribu. Likatoa mwali wa njano, likalia puu, na nyusi zake zikapungua. Tukalifungia gesi, tukalifunika turubai. Tukasema limekufa na mwenyewe.

Wiki iliyopita Mama akatuambia kwamba Jumatatu gari la halmashauri la kuchukua taka kubwa linapita, na kama Jumapili jiko haliwaki, litolewe barabarani. Hakuwa na hasira. Alisema kila akiosha vyombo analiona dirishani limesimama peke yake, na hawezi tena. Niliogopa, Baba, kukupoteza mara ya pili.

Kwa hiyo Jumapili, siku ya kumbukumbu ya mwaka wako, tulikutana wote nyuma ya nyumba. Mimi nilifunga mtungi, nikatoa nyavu, nikachukua brashi ya waya.

"Kerryn! Weka chini hiyo!" ilikuwa sauti ya Merv, nyuma yangu. "Waya unakwaruza vigae. Chukua brashi ya rangi, ile laini, ikiwa kavu."

Niligeuka. Alikuwa amesimama nyuma ya mstari. Hakuna wa kumzuia, na bado alisimama pale pale.

"Mjomba umejulia wapi?"

"Miaka kumi nimesimama hapa, ulidhani natazama ndege? Haya, maji usiguse. Dale, mwaga ile trei ya mafuta, isije ikashika moto. Sasa chomoa kichomeo, utazame ndani ya bomba."

Dale akachungulia, akaruka nyuma. "Kuna buibui!"

"Si ndiye huyo! Wanaipenda harufu ya gesi kuliko mimi ninavyoipenda bia. Amejenga nyumba humo, gesi inarudi nyuma, ndiyo maana ilikunyoa nyusi. Shemeji alikuwa akipitisha brashi ya kuoshea chupa kila mwezi."

Kila mwezi, Baba, na sisi hatukuwahi kukuona. Tulikuwa tukifika wakati nyama imeshaiva.

Tulimhamisha buibui na utando wake wote. Tukarudisha kichomeo, tukafungua mtungi, tukapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa gesi tuone kama kuna mapovu, hakukuwa na mapovu. Nikashika kitufe cha kuwashia.

"Kifuniko wazi kwanza!" Merv akafoka. "Mnataka kumfuata shemeji leo leo?"

Mama alicheka. Ni mara ya kwanza kumsikia akicheka hivyo tangu uondoke, hadi akashika ukuta.

Nikabonyeza. Mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kimya, na Mama akaacha kucheka. Mara ya tatu, Baba, vigae vikaanza pembeni, wekundu ukatambaa polepole hadi vyote vikawaka, hata kile kipya ulichoweka badala ya kilichopasuka. Tukaliacha dakika kumi moto juu kabisa, uchafu ukaungua ukawa majivu. Tukazima, likapoa, tukafagia, tukaliwasha upya. Lilikuwa safi kama siku ulipolinunua.

"Merv," Mama akasema, "njoo uchome nyama."

"Siwezi, dada. Mwenyewe hajaniruhusu."

"Mimi ni mkewe. Vuka."

Akaweka chupa chini upande wake wa mstari. Akajifuta mikono kwenye kaptula, akavuka mikono mitupu, akasimama mahali pako. Machozi yakamtoka, akasema ni moshi. Nyama ilikuwa bado iko ndani kwenye friji.

Jana, Jumatatu, gari la halmashauri lilipita. Tuliwapa kochi lako bovu, utusamehe. Dale alitaka kuufuta mstari, Merv akakataa. Kila akitaka kunywa bia anarudi nyuma ya ule mstari.

Tunaokukumbuka: mkeo Glenys; wanao Kerryn na Dale; mjukuu wako Tilly, ambaye sasa ndiye msimamizi wa buibui; majirani wote na mbwa wao; na shemeji yako Merv, anayeomba radhi kwa kile kigae.

Hatutakusahau, Baba, Jumapili hata moja. Jiko linawaka.