Vitenzi Vyenye Mkia na Gauni la Bwalya

Jumanne, 4 Juni

Sketi za shule kutwa nzima, zote kushusha pindo. Umeme ukakatika mchana, nikarudi kwenye cherehani la kukanyaga. Magoti yanalalamika.

Jioni darasani. Ukumbi wa kanisa una baridi ya kukatisha masomo. Mwezi huu Mwalimu Kayuni anatufundisha vitenzi vya Kiingereza vya kuondoa na kupunguza. Nilidhani vitakuwa viwili, kata na punguza, tumalize turudi nyumbani. Wapi! Waingereza wanachukua neno fupi, wanalipachika mkia, na kila mkia una habari yake. Cut off ni kukata kitu kikatoka moja kwa moja. Cut down ni kupunguza tu, kama mtu anayepunguza sukari. Wear off ni kuisha chenyewe polepole, kama maumivu. Take in ni kubana nguo inayompwaya mtu. Hii ya mwisho nimeipenda, ni kazi yangu. Nyingine zimenichosha.

Kazi ya nyumbani: kila siku sentensi moja ya kweli. Nimeandika kwamba nimepunguza sukari kwenye chai. Bado si kweli. Kesho itakuwa.

Alhamisi, 6 Juni

Amekuja Mama Mulenga wa Nakonde, upande wa Zambia, mteja wangu wa siku nyingi. Anauza vitenge pande zote mbili za mpaka, kwao na huku Tunduma, Kiswahili anakijua kuliko baadhi ya majirani zangu. Leo kaja na binti, Bwalya, mtoto wa marehemu dada yake. Bwalya amekulia Lusaka. Kiswahili hajui hata shikamoo. Anaolewa mwisho wa mwezi huu.

Wameleta gauni la harusi la marehemu. Satini nzito, mikono ya lesi, mshono mtulivu. Fundi aliyelishona alikuwa fundi. Nimeona wivu kidogo.

Marehemu alikuwa na mwili. Bwalya amekonda, tangu msiba chakula hakipandi. Alipolivaa gauni lilimmeza. Mama Mulenga hakutaka hata kumtazama.

"Bana kabisa, fundi. Hivi vyote vya pembeni kata, tupa. Nataka limkae kama yale ya kwenye simu."

Simu yake ikaita, akatoka nje. Bwalya akanishika mkono. Akasema polepole: don't cut off anything. Nisikate hata kipande, ni gauni la mama yake. Wiki iliyopita ningemchekea tu na kutikisa kichwa. Leo nilielewa neno kwa neno. Nikamjibu, I take in, no cut off. Sarufi ya aibu. Akatabasamu hata hivyo.

Sasa nina amri mbili. Anayelipa anasema kata. Mwenye mama anasema usikate. Gauni kama hili halina la pili. Nimeogopa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimefumua mishono ya pembeni kwa wembe. Uzi wa zamani umetoka, matundu yamebaki, mstari mwembamba kutoka kwapani hadi nyonga. Ni pale pale mwili wa yule mama ulipoishia. Nimekaa nikiutazama mpaka mteja wa zipu akadhani nimesinzia.

Kisha nimekunja kitambaa kwa ndani, nikashikiza kwa mkono, nikapitisha mashine. Nimetumia vipimo vya Alhamisi. Sijakata kitu.

Jumanne, 11 Juni

Nimevigawa vitenzi vya mwalimu mafungu mawili. Kuna vinavyorudishika na visivyorudishika. Take in inarudishika, unafumua tu. Cut off hairudishiki. Throw away, kutupa, inategemea gari la taka limeshapita au bado. Mwalimu Kayuni amecheka, akasema kwenye mtihani havijagawanywa hivyo. Sawa. Mimi sifanyi mtihani, nashona.

Sukari kijiko kimoja. Chai haina maana.

Jumatano, 19 Juni

Mama Mulenga amekuja peke yake. Bwalya amewekwa ndani, wakina mama wanamfunda, hatoki mpaka harusi. Akalishika gauni, akapapasa mshono, akakuta unene wa kitambaa kilichokunjwa.

"Awe, hapana, fundi. Hiki nini humu? Nilisema kata."

Nikasema bado sijamaliza.

"Ijumaa narudi. Nisipokuta umekata nalipeleka kwa fundi wa kwetu. Yule ana ovaloki, inakata huku inashona, hana maneno mengi."

Simjui akiwa mkali hivyo. Nimekasirika, nimemsema peke yangu hadi jioni. Lakini zaidi naogopa. Fundi mwingine atakata bila kuuliza, na mimi nitakuwa nimempa gauni mkononi.

Alhamisi, 20 Juni

Nimeshika mkasi. Nimeuweka. Nimeushika tena, nikauficha chini ya mto wa kiti nisiuone. Darasani sikwenda. Ndani ya kichwa hakukuwa na nafasi ya mkia hata mmoja.

Maji yakimwagika hayazoleki. Basi.

Ijumaa, 21 Juni

Nimedanganya.

Bitana nilitia mimi mwenyewe, mpya, hiyo nikaipunguza ili unene upungue. Satini ya marehemu nikailaza kwa kitambaa kibichi na pasi ya mkaa, mpaka ikalala bapa. Halafu nikamwaga mezani mabaki ya satini nyeupe ya gauni la kipaimara la mtoto wa jirani. Mama Mulenga akaingia, akayaona, akapapasa mshono, akaridhika, akaniachia gauni nilimalizie. Hakuuliza. Sikusema. Kunyamaza nako kunaweza kuwa uongo, nimekuona leo. Nina aibu ya kweli. Ingekuwa ni kumuumiza mtu nisingelala.

Akakaa, akapoa. Akaniletea karanga za kuchemsha. Akasema kwa furaha kwamba Bwalya anakula sasa. Nshima, ule ugali wao, kuku, mboga za karanga, yeye mwenyewe anasimama juu yake mpaka sahani iishe. Nikafurahi naye. Tukacheka.

Ijumaa, 28 Juni

Nimevuka asubuhi kwenda Nakonde kumjaribisha Bwalya, gauni ndani ya shuka safi. Nimepenya kati ya malori kama mtu aliyebeba mtoto.

Bwalya nilipomwona sikumtambua. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, ngozi inang'aa. Wiki tatu wamemlisha. Wote tulijua, hakuna aliyewaza. Mimi fundi ndiye wa kwanza kulaumiwa. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikagoma. Bwalya akavuta pumzi. Ikagoma tena.

Nikamtazama Mama Mulenga, nikijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alikaa chini sakafuni na kitenge chake kizuri.

"Nimelikata gauni la dada," akasema. "Nimelikata mimi. Siku ile lilivyompwaya nilimwona dada alivyoisha hospitali, nguo zote zikimpwaya. Nikataka kile kinachopwaya kitoke, nisikione."

Akalia. Sikuwahi kumwona akilia. Mwezi mzima nilidhani ni majivuno ya harusi.

Nikamvua Bwalya gauni, nikapiga magoti karibu na shangazi, nikageuza mshono nje, nikamwekea kitambaa mkononi. Chote. Nikamwambia yale mabaki yalikuwa ya kipaimara. Sikujua atanipiga au la. Alikipapasa juu hadi chini, akarudia.

"Muongo wewe, fundi," akasema, akaanza kucheka na machozi hayajakauka. "Natotela. Asante. Muongo mkubwa."

Nikafumua palepale. Walikuwa na cherehani la mama mmoja wa jirani, sindano butu, nikabadilisha. Nikawa natoa kitambaa kidogo, tunampima, natoa tena. Mwisho nikafika kwenye yale matundu ya zamani. Kiunoni mkunjo umebaki upana wa kidole. Kifuani na nyongani haukubaki. Nikapitisha sindano mle mle alimopita yule fundi wa kwanza.

Zipu ikapanda bila kelele. Mama Mulenga alimzunguka Bwalya, akamgusa bega, akatoka nje kupumua. Safari hii alikuwa amemtazama.

Nimerudi Tunduma nimechoka vibaya. Nimefurahi.

Jumatatu, 1 Julai

Harusi ilikwenda vizuri. Nilikaa nyuma. Bwalya akipita alinishika mkono kama siku ile, nami sikutafuta Kiingereza.

Asubuhi nimefagia kibanda. Kazi ya mwezi mzima ya kubana na kupunguza. Chini ya meza nimekuta vipande vya bitana na nyuzi nyeupe, basi. Nimevitupa. Kisha nimechukua sketi ya shule, ndefu mno kwa mtoto mwenyewe, nikaikunja pindo pana.

Chai vijiko viwili leo.