Sehemu Yako ya Urithi

Chumba cha nyuma, duka la redio,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko ugenini? Kile kifua kimetulia, au bado unakohoa mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi wazima. Mama hasikii vizuri, ila ukimsengenya anasikia.

Ujumbe wako nimeupata, kwamba katika huo urithi sehemu yako iwekwe pembeni. Imewekwa. Lakini nikuambie ukweli, maana tangu jana sina uso wa kutazama watu.

Mwanangu, huyu tunayemwita Bosi kwa kuwa hasemi ila anaamrisha kwa kidole, anachunguzwa hospitali. Madaktari wa nchi nyingi wameungana kutafuta kwa nini ubongo wa watoto wengine unakua kwa njia yake. Wanalinganisha vinasaba, yale maelekezo ya mwili tunayopokea kwa wazazi. Nikamwambia daktari, kumbe kama ninavyolinganisha redio mbovu na nzima. Akasema ndiyo, isipokuwa mtoto hafunguliwi kwa bisibisi.

Akaniagiza niite ndugu, kwa kuwa wanachunguza urithi. Nami nawajua watu wetu: ukiwaambia mtoto anaumwa, kila mtu ana mafua. Nikawatumia ujumbe, nawe ukiwemo: "Njooni hospitali Jumamosi, mambo ya urithi." Sikudanganya hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Walijaa korido nzima. Baba mdogo na suti, ramani ya kiwanja cha babu kwapani. Shangazi, yule asemaye kila siku kwamba ububu wa mtoto umetoka upande wa mama yake, alikuja na mkwe wake anayejua sheria. Nesi akawapa kila mmoja kichupa.

"Temeni mate humu."

"Binti," baba mdogo akasema, "nimepanda magari mawili kuja kutema mate?"

"Tena mengi, baba. Mpaka kwenye mstari."

Mimi nyuma ya mlango nakufa kwa kicheko. Ndipo wifi yako akaingia na Bosi. Akawaona wote na nguo zao nzuri, machozi yakamtoka.

"Kumbe mnampenda! Nilidhani mmemkataa. Shangazi, hata wewe umekuja?"

Shangazi aliinama akatema mate kwa bidii. Bosi akainyooshea kidole ile ramani. Baba mdogo akampa, Bosi akaichana vipande vipande. Zamu yangu ilipofika, mdomo ulikuwa umenikauka. Nesi alinisubiri mpaka wengine wakaondoka.

Leo wifi yako anapika huku anaimba. Kila akinishukuru natamani ardhi inimeze. Kumwambia siwezi, kunyamaza nako kunanitafuna.

Sasa wewe. Daktari aliuliza nani kwetu alichelewa kusema, na mama, swali hilo alilisikia mara moja, akakutaja. Kweli, ulianza shule hujatamka neno, sasa unafidia. Kwa hiyo wewe ndiye wanayemhitaji kuliko sisi sote. Wifi yako anasema ana hakika ungefika wa kwanza kama ungekuwa karibu. Ujumbe wako sikumwonyesha.

Basi sehemu yako hiyo hapo, nimeifunga pamoja na barua: kichupa kitupu chenye jina lako. Kirudishe kwa anwani iliyobandikwa, na wifi yako mwandikie maneno mawili matatu ya kwako. Habari za kiwanja usiziguse.

Msalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu, shangazi pia, kwa sauti ya chini tangu jana.

Mungu akupe afya, na mate ya kufika kwenye mstari.

Kaka yako akupendaye,
aliyekaukwa na mate