Mabao Saba ya Sange

Jumatatu, 8 Machi
Asubuhi, suruali mbili za kupunguza kiuno. Vita inaniletea kazi: Kimanga nzima inakonda, mimi napunguza. Mchana, historia ya timu. Hakuna mechi ya kuandika. Askari wamekaa uwanjani na wamepikia mti mmoja wa goli. Nimeandika: "Goli la kusini limeishia chini ya maharage." Hiyo nayo ni historia.

Mukeke ya Kimanga ni timu ya kulipwa. Nasisitiza. Ikishinda, kila mchezaji anapata bakuli la ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ikishindwa, anapata mashauri.

Jumatano, 10 Machi
Rais wa timu amepita dukani. Bado anauliza kama kweli nilichana ukurasa wa thelathini na moja wa daftari la timu. Nimesema niliuchana mwaka jana, mke wangu akawashia makaa. Uongo. Uko palepale.

Ni wa ile mechi na timu ya Sange, hapa hapa nyumbani. Walitufunga saba. Kipa wetu Bukuru aliapa hatakanyaga kwangu mpaka ukurasa ule ufe. Nikamtumia habari kwamba umekufa. Hakukanyaga. Mwaka mzima sasa. Namba moja ya mgongoni mwake nimeishona mimi, lakini salamu hapana.

Anawaambia watu Sange walifunga mawili, na moja lilikuwa ofsaidi. Wachezaji wanaitikia, maana aibu ni ya wote. Mimi siwezi. Shule niliachia la tatu, lakini mpaka saba nahesabu.

Nasikia amekwenda Bwegera, kupita Sange, kumwona mama yake. Barabara mbaya wiki hii. Kichwa chake kibaya zaidi.

Ijumaa, 12 Machi
Mama Neema, muuza mchele, ametoka Sange kwa miguu. Alikaa kwenye kiti cha wateja kabla ya kusalimia, nikajua.

Bukuru ameshikwa kwenye bariyeri ya Sange, pale wanapofunga barabara, tangu jana. Karte yake ya kitambulisho iliungua pamoja na nyumba. Anasema Kirundi, kama watu wengi wa bonde lile. Basi wenye bunduki wanasema ni mpelelezi wa ng'ambo ya mto Ruzizi. Akajitetea kuwa ni kipa wa Mukeke. Mkubwa wao, wanamwita Shefu, ni mtoto wa Sange. Akamuuliza jambo moja tu: siku ile tuliwafunga ngapi?

Mjinga akajibu mawili.

Huko Sange hata mbuzi wanajua ni saba. Sasa wana hakika anadanganya. Kesho mchana wanampeleka mtoni. Wanaopelekwa mtoni hawarudi na maji.

Nina hofu. Nina hasira pia. Mtu afe kwa ajili ya mabao matano.

Nimekwenda kwa rais wa timu. Ameshikwa na homa ghafla.

Mama Furaha, mke wangu, amenikumbusha kwamba sijawahi kufuata timu ugenini hata mara moja kwa kuogopa gari. Ni kweli. Historia yote ya ugenini nimeiandika kwa kusikia. Halafu akanipakia mihogo ya kuchemsha. Sikuwa nimesema ninakwenda.

Jumamosi, 13 Machi
Kando ya miwa. Baiskeli ya shemeji, daftari la timu chini ya shati. Naandika magotini. Nisiporudi, ijulikane kwamba mwandiko huu mbaya ni wa baiskeli. Si wa woga.

Ni wa woga.

Jumapili, 14 Machi
Yuko hai. Tumerudi. Leo nimelala mpaka misa ikaisha, Mungu anisamehe.

Nilimkuta amekaa juani, bila viatu, mikono imefungwa kwa waya wa umeme. Aliponiona akageuza uso. Hata pale.

Shefu ni mfupi, buti zake ndefu. Nikasema mimi ni fundi cherehani na mwandishi wa historia ya Mukeke. Akauliza tangu lini Mukeke ina historia. Akaniuliza ngapi. Nikasema saba. Akasema saba anaijua kila muntu, hata mpelelezi mwenye akili angeijua. Ndipo nikatoa daftari. Nyuma yangu nikasikia Bukuru anasonya.

Nikasoma. La kwanza, dakika ya nne, kipa Bukuru anafunga kamba za viatu. La pili, kati ya miguu yake, kama kuku anaingia jikoni. La tatu, sikuona, nilikuwa nimefumba macho. La nne, wachezaji wetu wamenyoosha mikono, hakuna aliyekimbia. La tano, kipa Bukuru anagombana na mama mmoja muuza karanga. Vijana wenye bunduki walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nilimtazama Bukuru. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nani angejisingizia mambo kama yale?

La sita. Kichwa, Safari, namba kumi na moja, kijana mwembamba. Hakushangilia. Alikwenda kumwinua kipa.

Shefu akaacha kucheka. "Soma tena ya sita."

Nikasoma. Akataka mara ya tatu. Safari alikuwa mdogo wake. Vita ilimchukua katika mwezi wake wa kwanza tu, na nyumba yao ilichomwa pamoja na picha zote.

Akamwendea Bukuru. "Alikuambia nini, wakati anakuinua?"

Bukuru akaonyesha meno yake. "Alikuwa na jino limevunjika hapa mbele. Aliniambia, 'Kaka, simama, iko ingine inakuja.'"

Shefu alicheka, kisha akageuka akajifuta uso kwa kofia. Mwenyewe alifungua ule waya. Akaniomba ukurasa. Nikauchana, polepole, usipasuke. Kwa hiyo sasa nimefanya kweli nilichokuwa nimedanganya.

Njiani Bukuru aliendesha, mimi nyuma. Kwenye miwa akapunguza mwendo.

"Ulisema uliuchana."

"Nilisema."

Basi.

Rais wa timu amepona homa.

Jumatano, 17 Machi
Mvua tangu asubuhi. Hakuna mteja. Bukuru ameingia dukani, amepangusa miguu mlangoni kama mgeni, ana bakuli la ndagala mkononi. Ameomba daftari. Amepitisha kidole pale ukurasa ulipotoka.

"Andika tena," amesema. "Yote saba."

Akanisomea kwa kichwa. Dakika zote, majina yote. La tatu, ambalo sikuliona, analijua mpaka kiatu kilichopiga. Mwaka mzima amekaa nayo yote saba ndani, na mimi nilidhani ameyasahau.

Kwenye la nne akanishika mkono. Lile lilikuwa ofsaidi, amesema. Nimeandika kwamba kipa anasema lilikuwa ofsaidi. Kwa penseli.

La sita ametaka niandike kwa wino.

Tumekula ndagala. Mvua imeacha.