Siku Niliyonyolewa, Lusia Akanikataa

Sekela, mdogo wangu,

Miezi mitano tangu tukuzike, na bado nabishana na wewe. Ulizoea kuniambia, "Dada, ukikosa mtu wa kubishana naye utabishana na redio." Redio nimeizima. Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza: mwanao alinikataa mimi, au alikataa kichwa changu?

Nianzie msibani. Mama mkwe wako alifika kutoka Isongole siku ileile uliyofariki, akawa analala na Lusia kwenye mkeka wake, maana mimi nilikuwa wa kulia na kupokea watu. Siku ya nne wanaume wakakaa uani kwangu hapa Vwawa kuamua mtoto alelewe na nani. Baba mkubwa wa mumeo akasema mtoto wa miezi saba hajui kitu, yeyote atakayembeba atamzoea, basi aende kwao. Nikasimama. Unanijua. Nikasema huo ni ujinga unaotembelea mkongojo. Nikawaeleza kile kitabu cha malezi nilichoazima kwa muuguzi, kile ulichokuwa unakicheka: kwamba mtoto akizaliwa hushika zaidi ukingo wa uso, pale nywele zinapokutana na paji, miezi ikisonga hujifunza macho, mdomo, uso mzima, na akifika umri wa Lusia hutenga watu wake na wageni, ndiyo maana huanza kuwalilia wageni.

"Huyu amezaliwa nyumbani kwangu," nikasema, "kila asubuhi ananiona. Kesho muulizeni yeye mwenyewe!"

Kesho yake ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Shangazi zetu wakaja asubuhi na wembe na beseni la maji. Mimi, mwalimu niliyeandika magazetini miaka yote kupinga mila zinazowaonea wanawake, nikainamisha kichwa. Sijui kwa nini. Labda uchovu. Labda nilitaka kukufanyia jambo moja la mwisho, na sikuona jingine. Wakakifyeka kichaka changu chote cha nywele, kile Lusia alichokuwa akikishika kwa mikono miwili kila nilipombeba. Sikuwaza. Nimesoma vitabu vyote hivyo, Sekela, na sikuwaza!

Wazee wakaniita uani, mtoto aulizwe kama nilivyotaka. Mama mkwe wako hakunyolewa, si damu yako. Alikuwa amekaa na kilemba chake kilekile, Lusia mapajani. Nikanyoosha mikono. Mtoto akanitazama mdomo, macho yakapanda hadi kichwani, yakarudi mdomoni. Nikamwita jina. Hapo ndipo alipopiga yowe, akajificha kifuani kwa bibi yake. Nadhani sauti ndiyo iliyomtisha zaidi, sauti ya mtu wake ikitoka kwenye uso asioujua.

Yule baba mkubwa wa mumeo hakunikejeli. Alisema taratibu, "Mwalimu, umesema mtoto anajua. Basi amejibu."

Afadhali wangecheka.

Nilimpa mama mkwe wako nguo za Lusia na kopo la uji. Sikubishana, na majirani hadi leo wanalisimulia hilo kama muujiza. Lakini swali halijaniacha. Kama ni nywele, kitabu kinasema kwa umri ule alipaswa kunijua hata bila nywele. Kama hakunijua kwa macho, je, macho yenyewe yalikuwa bado yangu, baada ya siku tano za kulia? Au wiki ile alikutafuta wewe katika kila uso, akachoka, akashika ule uliokuwa karibu?

Kila Jumamosi napanda gari hadi Mpemba, kisha jingine hadi Isongole. Mwanzoni alikuwa analia. Mama mkwe wako akanikaripia: "Mwalimu, acha kumkazia macho, huo si mtihani!" Nikajifunza kukaa kando, nikimenya maharage kama mtu asiye na shida.

Sasa nywele zimerudi kidogo, nami nimekonda. Wiki mbili zilizopita mwanamke mmoja sokoni aliniona akadondosha sahani ya dagaa: "Mama Lusia!" Tulifanana kiasi hicho? Siku hiyohiyo Lusia alinichekea mara ya kwanza. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Akinichekea, anamchekea nani? Je, bado anao uso wako mahali fulani ndani yake, au nao umefutika kama wangu ulivyofutika? Kitabu hakisemi. Nimekisoma mara tatu.

Mumeo ameniambia nikitaka tukae upya, atakuwa upande wangu. Naweza kushinda kikao hicho, Sekela. Hoja ninazo. Lakini nikishinda, Lusia atapoteza uso wa tatu, wa bibi yake, kabla hajajua kutembea vizuri, na safari hii mkono utakaoufuta utakuwa wangu.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi nitakwenda kila Jumamosi. Nitamtajia jina lako, na langu, kila moja na uso wake, hata akituchanganya. Na sitamsimamisha tena mbele za watu nikimtaka achague.

Dada yako