Pembe Iliyoachwa Wazi

Mayu, mama yangu, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute barazani, mguu kwenye pedali ya cherehani na pini midomoni kama kawaida yako, maana ukiwa hivyo huwezi kunikatiza. Goti lako vipi? Na kifua cha bibi? Hapa Bergen mvua inanyesha siku ya tisa mfululizo. Nguo naanika chumbani, ugali nakula Jumapili tu kwa sababu unga wenyewe ni wa kutafuta. Lakini mimi ni mzima, na asije mtu akakwambia vinginevyo.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako ina masikio mengi. Kila nikipiga unaweka spika, na Baba Mkubwa anajibu kabla yako. Mdogo wangu Kulwa akusomee polepole, tena asiruke mahali.

Unajua kwamba Baba Mkubwa alinipigia wiki iliyopita. Mtu alimwonyesha picha ya maonyesho yetu: lile blanketi la viraka ulilonishonea limetundikwa ukutani, na kazi zangu tatu ziko pembeni yake. Hata salamu hakusubiri.

"Kabula, hilo goti jekundu ni la nani?"

"La Baba. Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Nguo ya marehemu unaitundika ukutani, wazungu waitolee macho? Tumekusomesha uhasibu ukawe fundi viraka?"

"Mama ni fundi viraka, na ndiye aliyenisomesha."

"Unaona! Ulaya imekupa mdomo. Mama yako analia hapa kwa aibu. Shusha hilo blanketi kabla mwezi haujaisha, urudi nyumbani. Nimekutafutia nafasi Geita, ofisi ya stoo. Wenzako wanaililia."

Mama, kama kweli ulilia, nataka kujua ulililia nini. Nimelifikiria hilo wiki nzima, nikishona na kufumua.

Mimi nilikuwa darasa la sita siku ya kugawa nguo za Baba. Nakumbuka mkeka na watu walivyoketi kuuzunguka. Koti la suti alichukua Baba Mkubwa, alilijaribu pale pale. Viatu vikaenda, kofia ikaenda. Likabaki ovaroli la kuendea duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, lile la akiba lililokuwa kwenye kamba ya nguo siku shimo lilipomfukia, na udongo mwekundu magotini usiotoka kwa sabuni yoyote. Shangazi alilisukuma kwa kidole cha mguu akasema, "Hili lichomwe." Hakuna aliyebisha. Wewe ulilikunja, ukaliweka chini ya meza ya cherehani, na pale likakaa miaka.

Halafu nikapata nafasi ya kuja huku kusoma uhasibu, ukalitoa. Ulikata magoti yote mawili. Ukaongeza sketi yangu ya shule, kanga ya bibi, na vipande vya vitenge vya wateja ulivyookota sakafuni. Ndani ukajaza pamba ya fifi, ile ambayo wanunuzi waliikataa, ukaichambua mwenyewe kwa vidole. Hukutumia futi hata mara moja. Ulipima kwa shibiri.

Na kama mnavyofanya wewe na bibi, pembe ya nne hukuifunga. Mnaiacha wazi, upana wa kiganja, mpaka mwenye blanketi alilalie, ndipo aliyeshona anaifunga kwa mkono. Bibi husema blanketi lililofungwa kabla halijamjua mwenyewe ni la dukani. Lakini langu lilikwisha jioni, na basi la Mwanza lilipita Buseresere alfajiri. "Nitaifunga ukirudi, ng'wanone, mwanangu," ulisema, ukageuka upesi kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Sasa nikwambie kosa langu, ambalo sijamwambia mtu. Nilipoacha uhasibu na kuingia chuo cha sanaa, niliionea aibu pembe ile. Wenzangu walikuwa wanakata kwa rula na kisu cha gurudumu, kila kiraka sawa na mwenzake. Nikaficha blanketi lako chini ya kitanda, nikashona kama wao. Pembe zote nne zikafungwa, zikanyooka kama daftari. Mwalimu aliizunguka kazi yangu mara mbili, akasema, "Safi sana. Ya nani?"

Swali nililielewa vizuri.

Nilirudi chumbani nikalitoa lako, nikaingiza mkono kwenye ile pembe mpaka kwenye pamba. Humo mlikuwa na mbegu moja ya pamba, Mama. Uliisahau ukichambua. Nilikaa sakafuni nikiishika kwa vidole viwili, nikaona jinsi nilivyokuwa mjinga: nilivuka nusu ya dunia kutafuta ufundi, na ufundi nimeufungia chini ya kitanda. Tangu siku hiyo sijashika rula. Kila kazi niliyotengeneza, na zile tatu za ukutani zimo, nimeipima kwa shibiri na kuacha pembe moja wazi. Watu wananiuliza maana yake. Nawaambia haina maana, ndivyo mama yangu anavyoshona.

Solveig, mama anayesimamia maonyesho, alitaka kuifunga pembe yako kwa uzi wa rangi inayofanana, akidhani imefumuka. Na kwenye kibao alikuwa ameandika kwamba mshonaji hajulikani.

"Anajulikana," nikamwambia, "na simu anayo."

Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha. Sasa kibao kinasema: Minza Lubango, fundi cherehani, Buseresere. Jina lako liko juu, langu liko chini yake, kwa herufi zile zile. Na hao wazungu wa kutoa macho, nimewaona. Mzee mmoja aliyefanya kazi migodini kaskazini ya huku alisimama mbele ya lile goti jekundu mpaka nikasogea kumuuliza kama anahitaji kiti. Alikuwa amevua kofia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Alitoka?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Kati ya watu waliolitazama ovaroli lile tangu Baba afe, huyo ni wa pili kulitendea haki. Wa kwanza ni wewe.

Kwa hiyo blanketi halishuki. Mwezi uishe, mwingine uingie, halishuki. Siku ya kugawa, ovaroli lilikosa wa kulichukua. Ulilichukua wewe, ukanipa mimi, na wenye neno juu yake ni sisi wawili. Nafasi ya stoo naishukuru, apewe anayeililia. Mimi kazi ninayo.

Lakini kama ni wewe unayetaka lishuke, usiniletee neno kwa mdomo wa mtu. Niambie mwenyewe, bila spika. Nitabishana nawe, hilo ulijue, ila nitakusikia mpaka mwisho, maana nitakuwa nabishana na mwenye kazi.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa Kahama anayekuja likizo, pamoja na mfuko. Humo kuna blanketi. Ni la kwako. Nimetumia koti langu la mvua la mwaka wa kwanza, shuka la hosteli, na ile kanga uliyonifungia maandazi ya safari. Ndani ni sufu ya kondoo wa huku, goti lako litapata joto. Nimelipima kwa shibiri zangu. Nadhani sasa zimelingana na zako. Pembe moja iko wazi. Bibi asiifunge, Kulwa asiifunge, na wewe usithubutu. Lilalie tu.

Mwezi wa pili maonyesho yakiisha nitakuja, na la ukutani nitalibeba mwenyewe. Utafunga langu, nami nitafunga lako, hapo barazani, mchana kweupe, kila apitaye aone. Kisha nitarudi kwenye kazi yangu.

Msalimie bibi, mwambie mbegu yake naitunza, maana najua atasema ni ya shamba lake. Kulwa naye asikome kusoma, wala asiogope kushika sindano. Shangazi, aliyetaka ovaroli lichomwe, mpe heshima zangu. Sina kinyongo naye, alikuwa na uchungu wa kaka yake.

Na Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, ya kweli kabisa. Mwambie siku ya kufunga pembe namkaribisha, aketi mbele. Aje amevaa lile koti la Baba.

Mwanao, fundi viraka,
Kabula